Mkwe Chini ya Blanketi la Serikali

Iko nchi moja, si hii yetu, Mungu apishe mbali, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila baada ya sherehe. Watu wake ni wapole. Wanapenda dagaa wa kukaanga na wanapenda kupiga makofi. Ukiwapa jambo la kupigia makofi wanapiga; ukiwanyima wanapiga vilevile, mikono isije ikasahau.

Katika nchi hiyo alikuwapo Mtendaji wa Kata aitwaye Hamduni Mbaruku, bwana mrefu, mwembamba, mwenye suruali mbili za kazini na haya nyingi kuliko mshahara. Akipiga chafya mbele za watu huomba radhi. Akimkuta mdeni wa serikali anakula, hugeuka arudi kesho, maana si vizuri kumdai mtu ana tonge mdomoni. Kwa tabia hiyo asingefika mbali serikalini, na kweli hakuwa amefika.

Siku moja watendaji wote wa nchi waliitwa uwanja wa mpira, saa sita mchana, wakapewe kishikwambi. Kila mtu chake, ndani ya boksi jeupe, na kitambaa laini cha kufutia. Mheshimiwa Waziri Changarawe alipanda jukwaani chini ya turubai, peke yake kivulini, akanywa maji, akaanza.

"Ndugu wananchi! Leo karatasi imekufa! Tumeizika bila matanga! Kishikwambi hiki hakiliwi na mchwa, hakitoki jasho, hakiombi likizo ya uzazi! Kina jicho mbele na jicho kisogoni, jambo ambalo hata mimi Waziri wenu sina!"

Makofi.

"Sasa kiwasheni. Kila mmoja asome kwa sauti kilichoandikwa."

Watendaji wakawasha. Jua lilikuwa limesimama utosini, na kioo cha kila kishikwambi kilikuwa cheusi tii kama sufuria ya mama lishe. Hamduni alikiinamisha huku, akakiinamisha kule, akakificha kwapani akachungulia. Alichokiona ni uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso wake, wingu.

"Hakisomeki?" Waziri akauliza.

Watendaji wakavifuta vioo kwa vitambaa. Kisha mtu mmoja safu ya mbele, ambaye leo ni balozi, akapaza sauti: "Kinasomeka, Mheshimiwa! Kimeandika: Mkuu Wetu Anaona Mbali!" Maneno hayo yalikuwa yamechorwa kwenye ukuta wa uwanja, mekundu, makubwa kama ng'ombe. Basi uwanja mzima ukaitikia, "Mkuu Wetu Anaona Mbali!" na Hamduni akaitikia nao, macho kayaangusha kwenye kile kioo cheusi, akamwona yule mtu wa ndani ya kioo anaitikia pia. Akaona haya, akakifunika kwa kitambaa chake laini.

*

Lakini haki ya kitu kipe. Kishikwambi kilikuwa na mazuri yake. Kilikuwa chepesi kama mkate wa kumimina. Herufi zake ukizivuta kwa vidole viwili zinanenepa mpaka neno moja linajaa kioo kizima, hata mwenye macho mabovu anasoma. Picha zake zilikuwa safi, mpaka chunusi zilianza kuombewa msamaha. Chaji yake ilidumu siku mbili, ilimradi usikitumie. Na sauti! Kikisema ofisini, wasaga unga mashineni wanaitikia. Arafa, mkewe Hamduni, alikipenda kwa taa yake. Ndicho alichomulikia mayai kuona lipi lina kifaranga na lipi viza.

Upungufu nao ulikuwapo, ila ulikuwa haujapewa kibali. Kidole chenye maji hakikitambui. Kidole chenye unga hakikitambui. Jicho lake la mbele lilikuwa finyu, watu wawili wakitaka kuingia picha moja sharti wabane mashavu. Sikio lake lilikuwa zito. Na tumbo lake lilijaa hotuba za Mkuu wa Nchi zisizofutika, hivyo kila kikipokea jina la mwananchi kilifuta kwanza jina la mwananchi mwingine.

La jua ndilo lililokuwa kubwa. Ofisi ya kata ya Hamduni haikuwa na paa. Paa lilikuwa limepelekwa wilayani kukarabatiwa tangu enzi za Mkuu aliyepita. Watu walihudumiwa juani. Hamduni, baada ya kuomba radhi mara nyingi, akaripoti wilayani kwamba juani hakioni kitu.

Jibu lilirudi kabla hajaketi. Wizara ilieleza kuwa imelichunguza suala hilo kwa kina na kubaini kwamba kishikwambi hakina kasoro. Kasoro ni ya jua. Jua la nchi hiyo lilikuwa limezidi kiwango cha kimataifa, na mazungumzo na wahusika yanaendelea. Wakati tukisubiri, kila kata itapewa blanketi moja zito, la kijivu, lenye mistari miwili ya kijani, liitwalo Blanketi la Huduma. Mtumishi na mwananchi wataingia chini yake pamoja, huduma itolewe gizani, watoke.

Basi ndivyo nchi ilivyoanza kuendeshwa. Ukipita asubuhi penye ofisi yoyote ya kata unaliona blanketi limesimama uwanjani, lina miguu minne, linasukumana na kukohoa. Wananchi wakaambiwa wawahi na waoge. Mara walizoea. Binadamu anazoea, akizoeshwa na serikali, anazoea na kushukuru.

Hamduni hakuzoea. Akiingia na wanaume alizungumzia mvua. Akiingia na wanawake alifumba macho na kubonyeza kwa kubahatisha, ndiyo maana wajane watatu wa kata ile wana leseni za kuendesha meli.

*

Sasa huyu Hamduni alikuwa na mama mkwe, Bi Siwatu, mamaye Arafa.

Kwa desturi ya watu wa kata ile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Kadiri mnavyoheshimiana ndivyo msivyoonana. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini, wa pili hupita ameinamisha kichwa. Hawaketi mkeka mmoja. Hawaambiani neno moja kwa moja, lazima awepo wa kati: "Mwambieni baba huyo chakula kiko tayari." "Mwambieni mama tumeshukuru." Asipokuwapo mtu, huambiwa mbuzi. Bi Siwatu alikuwa ameishi na Hamduni ua mmoja tangu Arafa aolewe, amempikia, amemfulia mashuka, amemwombea dua alipougua matumbwitumbwi, na uso wake haujui. Wanawake wenzake walimsifu kwa hilo kisimani: "Siwatu ana mkwe na ana heshima."

Lakini Bi Siwatu macho yalikuwa yanamzima. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia, kwanza kulia, kisha kushoto, mweupe kama ukoko wa wali. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Akaja kumsalimu nguzo. Kisha siku moja, akitoka na beseni la nguo, alimgonga Hamduni kifuani pah! mchana kweupe, nguo zikamwagika, akapapasa kuziokota akaokota kiatu cha mkwewe chenye mguu ndani. Mwanamke yule alijifungia chumbani akalia. "Bora kufa, Arafa," alisema. "Kutoona jua si kitu. Lakini nimemshika mkwe mguu! Nitapita wapi?"

Ndipo ikatangazwa kwamba Jumatano waganga wa macho kutoka nje watafika hospitali ya wilaya, wataondoa mtoto wa jicho bure, wataondoka jioni na hawajulikani kama watarudi. Atakayetibiwa ni yule tu aliyeandikishwa kwenye kishikwambi cha kata yake. Na mgonjwa wa macho, kwa kuwa haoni pa kubonyeza, ataingia chini ya blanketi pamoja na mdhamini wake, nyuso zao zipigwe picha moja. Mdhamini sharti awe mtumishi wa serikali aliyesajiliwa.

Kata ile mtumishi aliyesajiliwa alikuwa mmoja. Walimu na bwana afya walikuwa bado, kwa sababu ofisa wa kuwasajili hajasajiliwa.

"Baba Chausiku," Arafa alisema, huku anachambua mchele na mawe anayatupa kwa hasira, "unanyamaza nini?"

"Nafikiri, Mama Chausiku."

"Unafikiri nini? Mama anazimika kama kibatari, wewe unafikiri!"

"Shavu kwa shavu, Arafa. Na mama mkwe! Hata kutamka naona haya."

"Basi nibadilishe mama?"

Hamduni akatafuta viatu. Alitoka akakaa nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo angekuwa mvutaji angevuta. Kutoka chumbani, kupitia dirishani, sauti ya Bi Siwatu ikamwambia jogoo: "Ewe jogoo, mwambie baba huyo asijisumbue. Mimi nimeshaona vya kutosha."

Maneno yale yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Akamwambia jogoo: "Mwambie mama, kesho asubuhi ajiandae."

*

Asubuhi uwanja wa kata ulijaa. Si kwamba watu walikuwa na shida, walikuwa wamesikia. Hamduni akatoka na kishikwambi mkononi na blanketi begani. Arafa akamleta mamaye, kajifunika kanga mbili, moja kichwani na moja juu ya ile ya kichwani. Mzee Mfaume, kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, akasema: "Jamani, tugeuke. Huku ni kuvuana nguo." Na watu wote wale, waliokuja kutazama, waligeuka wakawapa migongo. Hakuna aliyeamrisha. Ni hapo Hamduni alipotamani kulia, maana heshima ya watu humwaibisha mtu zaidi.

Blanketi likashuka.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya sufi na wananchi wote waliotangulia. Kishikwambi kikawaka, kikatoa mwanga wa samawati, na kikasema kwa sauti yake ya kike isiyoona soni: "Karibuni. Sogezeni nyuso."

Wakasogea kidogo sana.

"Sogezeni nyuso."

"Ewe kishikwambi," Bi Siwatu akasema taratibu, kwa kuwa mbuzi hakuwapo, "hebu mwombe baba huyo radhi. Nimekula kitunguu."

"Sijakuelewa. Tafadhali rudia."

"Kishikwambi," Hamduni naye akasema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, "mwambie mama hakuna kitunguu. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

"Sijakuelewa. Sogezeni nyuso. Fumbueni macho."

Shavu likagusa shavu. Yeye akatazama kushoto ya kioo, mama mkwe akatazama kulia asikokuona. Wote wawili wamekaza shingo kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, hawatazamani, hawasemezani, wanapumua kwa zamu. Kishikwambi kikafikiri. Maana undugu wa mgonjwa na mdhamini, mtumishi haruhusiwi kuuandika mwenyewe, watumishi ni waongo. Kishikwambi ndicho kinachoubaini kwa kutazama nyuso. Kilikuwa kimefundishwa huko kilikotengenezwa kwamba wanaotazamana na kucheka ni marafiki, wanaopigana vikumbo ni ndugu, na mwanamume na mwanamke waliokaa chumba kimoja chenye giza, wamenuna, hawatazamani wala hawasemezani, ni mke na mume wa miaka mingi.

"Hongera!" kikatangaza, na sauti yake nzuri ile ikatoka chini ya blanketi, ikavuka uwanja, ikafika mashineni. "Bwana Hamduni Mbaruku na mkewe, Bibi Siwatu! Ndoa yenu imetambuliwa na Taifa!"

Migongo yote ikageuka.

Hamduni alibaki chini ya blanketi muda mrefu. Walipomvuta alitoka nalo.

*

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tarumbeta, alimpokea akiwa anakula embe kwa uma.

"Mtendaji! Bwana harusi! Karibu."

"Mheshimiwa, kuna kosa. Yule ni mama wa mke wangu."

Tarumbeta akafungua kishikwambi chake, akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapa pameandikwa mke. Na Arafa ameandikwa binti yako."

"Arafa ndiye mke wangu, Mheshimiwa!"

"Mtendaji, usijitafutie kesi. Mimi sikusikia. Kishikwambi hakikosei. Kama kimesema, basi wewe rudi nyumbani uangalie vizuri."

"Hakuna mahali pa kuandika mkwe?"

Tarumbeta akashusha kidole juu chini. "Kuna mume, mke, mtoto, mzazi, mpangaji, mfugo. Mkwe hakuna. Kama kungekuwa na kitu kinachoitwa mkwe, Wizara ingekuwa imekiweka." Akafuta mdomo. "Unaweza kumtaliki. Utaratibu upo, mzuri, unachukua mwaka. Lakini ukianza talaka, jina lake linatoka kwenye orodha ya macho. Ukinyamaza, kama mke wa mtumishi atakuwa wa kwanza kabisa mlangoni, mbele ya wagonjwa. Chagua, na hongera tena."

Hamduni alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili asipite sokoni. Soko likamfuata.

"Mtendaji!" Mzee Mfaume aliita kutoka kibandani, wembe hewani, mteja nusu kichwa. "Wenzako tunakula yai, wewe umechukua na kuku aliyelitaga!"

"Shikamoo baba," mwanamke mmoja akamwambia Arafa kisimani, akiigiza jinsi sasa atakavyomwamkia mumewe, "mama yuko wapi, yule mke mwenzio?"

Arafa aliweka ndoo chini, akamjibu kwa upole wa kutisha: "Yupo, dada. Na Jumatano akipona macho, atakuja kukuona jinsi ulivyo, sisi wengine tumeshazoea." Kisha akabeba ndoo yake, na machozi yalimtoka baada ya kona, ambapo hakuna mtu.

Usiku ule hakula. Alimwambia mumewe: "Mwite mama mke wako. Wakikuuliza, sema. Nimekuruhusu."

"Arafa."

"Siku moja tu. Haya zako zitarudi, wewe unazo nyingi. Macho ya mama hayarudi."

*

Jumatano hospitali ilikuwa imepakwa rangi upande unaoonekana barabarani. Foleni ilianzia getini mpaka kwenye mnazi uliokatwa. Walikuwamo vikongwe wameshikwa mikono, wazee wamelala kwenye mikeka, na mbele yao wote, kwenye viti vya plastiki vyenye vitambaa, wake wa watumishi, ambao wengi wao macho yao yalikuwa mazima lakini walisikia ni bure.

Getini alisimama binti wa mapokezi anatafuna ubani, kishikwambi kimefungwa kwenye fimbo ili kiwe juu. Kila mdhamini alitakiwa kukithibitishia kwa mdomo wake.

"Huyu ni nani wako?" kishikwambi kikauliza.

Hamduni akasogea, akanong'ona.

"Sijasikia. Sema kwa sauti."

Akakohoa. Akasema kama mtu anayeagiza chumvi jirani.

"Sijasikia. Sema kwa sauti."

"Baba, sema tu," binti akasema, "kina sikio zito hicho. Hata mimi jana kimeniandika mwanamume."

Nyuma yake foleni nzima ikanyamaza ili kusaidia. Watu wa kata yake walikuwamo, na Mzee Mfaume alikuwamo, kaleta dada yake. Bi Siwatu alisimama pembeni, amefunikwa kanga mbili, na Hamduni aliiona ile kanga ya juu inatetemeka kama jani la mgomba. Akafikiri: nikigeuka sasa nitakuwa na heshima yangu yote nzima, na yeye atabaki kushika miguu ya watu mpaka afe.

"NI MKE WANGU!" akapiga kelele.

Sauti iligonga ukuta mpya ikarudi. Kuna mbwa aliyebweka. "Asante," kikasema kishikwambi. "Dumuni katika upendo."

Foleni haikucheka. Hamduni alikuwa amejiandaa kwa kicheko, akakikosa, akashindwa kujua pa kuiweka mikono yake. Mzee Mfaume ndiye aliyekohoa akasema, si kwa mtu yeyote, kwa ule mnazi uliokatwa: "Mnazi, mwambie Mtendaji mimi nilikuwa natania tu."

*

Waganga walifanya kazi yao. Haina hadithi, walikuwa wageni na hawakujua utaratibu wa nchi, wakatibu tu, kisha wakapanda gari wakaenda.

Asubuhi yake Mheshimiwa Tarumbeta akaja na wapiga picha kufungua bandeji, maana mafanikio yalitakiwa yatumwe kwa Mkuu wa Nchi kabla ya chai yake. Palikuwa na Programu ya Mafanikio: mgonjwa anafunguliwa macho, mbele yake anasimamishwa mdhamini wake, anaulizwa ni nani. Akimtambua, kinabonyezwa kitufe cha kijani, Anaona. Asipomtambua, chekundu, Haoni. Wagonjwa walitolewa nje uani, kwenye mwanga mzuri wa picha.

Hamduni alisukumwa mbele. Alijaribu kusimama ubavu, wakamnyoosha. Alijaribu kuinamisha kichwa, nesi akamwinua kidevu. Arafa alikuwa mlangoni na chupa ya uji.

Bandeji ikaanguka. Bi Siwatu akapepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Kisha akatulia. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze bintiye, mama mkwe alikuwa anamtazama mkwewe usoni, na mkwe hakuwa na mahali pa kwenda.

"Haya bibi!" Tarumbeta akasema kwa sauti ya redio. "Unamwona nani?"

Bi Siwatu akamtazama nesi, kama anayetafuta wa kati. Nesi hakuelewa. Akakosa mbuzi, akakosa jogoo.

"Namwona mwanamume," akasema.

"Vizuri! Yupi?"

"Mrefu. Ana kovu juu ya nyusi. Kifungo cha shati lake cha pili kimeingia tundu la tatu, hakuvaa kwa utulivu. Nywele zimeanza mvi juu ya masikio." Sauti ikashuka. "Na ana haya, maskini. Ardhi ikipasuka leo ataingia bila kuitwa."

"Sawa, sawa, lakini ni nani?"

"Simjui. Huyu uso wake ndiyo kwanza nauona."

Wapiga picha wakatazamana. "Bibi," Tarumbeta akasema, "huyu si mumeo?"

"Mume wangu alikufa mwaka wa nzige, baba. Na hakuwa mrefu."

"Mheshimiwa," Hamduni akasema, na hii ndiyo mara ya kwanza maishani mwake aliyomkatiza mkubwa, "anaona! Amehesabu mpaka vifungo! Mimi ni mkwewe. Hanijui kwa sababu ananiheshimu. Nilisema mke wangu ili atibiwe, nilidanganya, niandike mimi, nifunge mimi, lakini macho yake andika yanaona!"

Tarumbeta alimtazama kwa masikitiko kama mtu anayemtazama mlevi wa asubuhi. "Mtendaji, kufungwa kwako kuna programu yake, tutaifungua kesho. Hapa ni macho. Mgonjwa hakumtambua mdhamini." Akabonyeza. Kishikwambi kikalia kwa huzuni, na sauti ile nzuri ikatangaza ua mzima: "Pole. Bibi Siwatu ni kipofu."

Arafa aliachia chupa ya uji.

"Mimi?" Bi Siwatu akauliza. "Kipofu mimi?"

"Si mimi ninayesema, bibi," Tarumbeta akajibu, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya aliona afadhali athibitishe. Akamsogezea kishikwambi mbele ya macho. "Wewe tazama mwenyewe. Hapa. Kimeandika."

Jua lilikuwa limeshapanda. Bi Siwatu akachukua pembe ya kanga yake ya juu, akatengeneza kijikivuli juu ya kioo, akainamisha kichwa, akatazama pale pote, juu mpaka chini.

"Naam, naona," akasema. "Kimeandika kwa nyekundu."

"Umeona sasa?"

"Nimeona, baba."

"Basi!" Tarumbeta akafurahi, akawageukia wapiga picha, mikono miwili hewani. "Mwenyewe ameona!"

Watu waliokuwapo uani, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo, wakapiga makofi. Hamduni Mbaruku peke yake hakupiga; alikuwa ameufunika uso wake kwa viganja vyote viwili, na hakubakiwa na mkono.